Mgonjwa Anasema Hajambo

Chuoni,
9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naipokea huku huku, maana najua utaitoa kabla hujavaa miwani. Sisi wazima. Mtoto wangu mdogo ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega la baba yake. Kaka yako, yaani baba yangu, mgongo wake umepoa na sasa anatafuta kitu kingine cha kulalamikia. Nimekupigia simu wee, haipokelewi, ndiyo maana leo nimekaa chini nikashika kalamu kama zamani.

Nina jambo, na sina mwingine wa kumwambia ambaye amewahi kushika wodi.

Unalijua darasa langu la mwaka wa pili la uuguzi. Lugha za nyumbani mle ndani ni nyingi kuliko madirisha, dini vilevile, na namna za kusalimia, kukaa na kununa ndiyo usiseme. Kuna binti mmoja ambaye wenzake wanamwita Kimya. Si mjinga, ila pale wengine wanaposema maneno kumi yeye husema moja, na hilo moja ulingoje. Juma lililopita alikuwa zamu ya asubuhi wodi ya wanaume. Kitanda cha dirishani kulikuwa na mzee mmoja mfua vyuma, amekuja na tumbo. Kimya akamwendea kwa adabu zote. "Shikamoo baba. Hujambo?" Mzee akajibu, "Marahaba, sijambo mwanangu." "Umeamkaje?" "Salama tu." Basi binti akachukua faili akaandika: Mgonjwa anasema hajambo.

Kufika mchana kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimkimbiza chumba cha upasuaji na ameokoka, lakini ameokoka kwa tundu la sindano. Mkuu wa chuo alituita ofisini, akasema mwanafunzi anayeandika salamu kwenye faili la mgonjwa hatufai, afunge virago. Nikamwuliza Kimya mbele yake kwa nini hakuuliza tena. Akasema, "Kwetu mtu mzima akishajibu, ukimwuliza mara ya pili umemwita mwongo."

Shangazi, pale nilipandwa na kitu sijui kilitoka wapi. Nilisema mzee alijibu kama alivyolelewa, binti alinyamaza kama alivyolelewa, na hakuna mtu humu chuoni aliyewahi kumfundisha yeyote kwamba adabu mbili nzuri zikigongana zinaweza kuua mtu. Nikaomba kipindi kimoja kwa juma cha kufundisha hilo tu: namna ya kumhudumia mtu ambaye hakulelewa kama wewe. Mkuu alinitazama sana. Mwishowe amekubali kwa sharti. Kimya anabaki hadi mtihani wa vitendo wa Julai. Akifeli, anarudi kwao, na kipindi changu kinakufa siku hiyo hiyo.

Niambie unavyoona. Usinipake mafuta.

Mwanao,
Mwalimu


Nyumbani,
3 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua imefika, bahasha umeilamba vibaya kama kawaida yako. Mimi huku sijambo, buheri wa afya. Simu imekufa na sioni haja ya kuifufua. Barua ina heshima zake, haikuiti ukiwa na sabuni usoni. Fundi cherehani wa hapa chini amehamishia mashine barazani na kelele zake zinaanza kabla ya jogoo, lakini ana moyo mzuri. Ndiye anayenipandishia maji na kunianikia nguo huko darini, juu ya nyumba. Kitanda nimekiacha siku hizi, nalala kwenye kile kiti kikubwa cha marehemu mume wangu, godoro limenichosha. Na vile viatu vyangu vyeupe vya kazini nimempa binti wa fundi, vilianza kunibana. Vitu navyo huzeeka.

Sasa hilo jambo lako. Kwanza huyo binti. Wodini kwangu angekuwa ameshafika kwao na ameshaombwa maelezo na mama yake. Pili hicho kipindi. Mwanangu, nimeshika wodi mpaka nywele zikabadilika rangi, na sikuwahi kumwuliza mtu kabila wala dini ndipo nimchome sindano. Sindano haina kabila. Wote niliwatendea sawa: shuka moja, uji mmoja, amri moja. Ukianza kumpimia kila mgonjwa adabu yake kama fundi anavyopima viuno, utamaliza kusalimia wodi nzima imeshakata roho. Waliniita Sista Mkasi, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi, lakini walipona.

Umesema nisikupake mafuta, basi ndiyo hayo makavu. Umejifunga kibwebwe kwa ngoma isiyo yako. Ukishindwa, watasema mwalimu mwenyewe ndiye wa kwanza kufungashwa, na mimi sitaki kusikia jina la kaka yangu likitajwa hivyo.

Ila hilo la hajambo lilinichekesha, sikufichi. Baadaye nikaacha kucheka.

Msalimie mumeo, mwambie bega ni lake, mtoto ni wetu sote.

Shangazi yako


Chuoni,
24 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kuombea msamaha nitakaouhitaji ukifika chini ya ukurasa. Huku tu wazima. Mdogo sasa anasimama akishika meza, akiachia anakaa kwa kishindo, kisha anatutazama kama sisi ndio tuliomwangusha.

Kipindi cha kwanza kilinitoa jasho. Nilijichorea safu ubaoni, nzuri kabisa kwa chaki za rangi: watu wa milimani, watu wa mabondeni, wenye dini hii, wenye dini ile. Chini yake nikaandika wanapenda nini, wanachukia nini, wanaguswaje. Mwanafunzi mmoja msemaji, tunamwita Profesa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi ni wa safu ya tatu, na hayo uliyoandika hata bibi yangu hayajui." Darasa likaangua kicheko. Mwingine akasema, "Mimi baba wa safu hii, mama wa ile. Nikae wapi, katikati ya ubao?" Nikacheka nao, nikafuta vyote. Tangu siku hiyo hatuna safu. Nawaweka wawili wawili, mmoja mgonjwa na mwingine muuguzi, kila mmoja na mtu ambaye hakulelewa naye, na kazi ni kumjua huyo aliye mbele yako, huyo mmoja. Ni kazi ngumu kuliko kukariri. Wengine walitoka wakilia, na Profesa alinyamaza siku nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sasa shika kiti, Shangazi. Niliwasomea barua yako. Sikutaja jina. Nilisema, "Huyu ni mama mmoja, muuguzi mstaafu. Anasema hajambo. Niambieni, hajambo au ana jambo?"

Profesa akasema huyo mama ana jambo na fundi cherehani. Wakacheka sana. Kimya alikuwa mwisho wa darasa. Alingoja kicheko kikaisha, akasimama, akasema taratibu, "Mama huyu hapandi ngazi. Akilala chali pumzi inampaa, ndiyo maana analala kitini. Viatu havijazeeka, miguu imevimba. Na simu haijafa. Hataki mtu asikie anavyohema."

Niliwageuzia mgongo nikajifanya nafungua dirisha. Kisha nikamwuliza, "Ungekuwa naye, ungemwuliza nini?" Akasema, "Anaumwa wapi nisingemwuliza, ameshasema hajambo. Kwetu mtu mzima haulizwi mwili, huulizwa kazi. Ningemwuliza nguo zake anaanika nani, na tangu lini."

Basi nami naazima swali lake. Shangazi, fundi cherehani anakuanikia nguo tangu lini?

Nakupenda na ninaogopa.

Mwanao


Nyumbani,
15 Aprili

Mwalimu,

Marahaba. Huku wote wazima.

Barua ya mtu si maiti ya kujifunzia. Nilikuandikia wewe, sikuliandikia darasa. Na huyo binti mwambie hivi: nilikuwa nasoma miguu ya watu kabla mama yake hajaota meno. Nguo zangu anaanika nani ni shauri langu na nguo zangu.

Nimesema sijambo. Mtu akishasema hajambo, yamekwisha.

Shangazi

Barua hii anaipeleka posta fundi, kwa kuwa njia yake ni hiyo hiyo.


Chuoni,
17 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua hii marahaba nitaikopa, na nitaingoja. Nilikosa kusoma barua yako mbele ya watu bila ruhusa yako, nisamehe. Baba anakusalimu. Alitaka kupanda gari aje huko na mgongo wake vivyo hivyo, nimemzuia kwa nguvu zote. Nimemwambia dada yake hapendi kuvamiwa. Ameniuliza, "Dada yangu ana nini?" Nikamgeukia mtoto, akaenda kukaa peke yake nje.

Habari za huku ni kwamba Mkuu alikuja kukaa nyuma ya darasa kimya kimya. Siku hiyo Profesa alikuwa muuguzi na Kimya alikuwa mgonjwa. Profesa alimmwagia Kimya maswali kama mvua ya mawe, na Kimya akamjibu yote "salama, salama." Mkuu akatikisa kichwa akatoka. Mtihani umepangwa katikati ya Julai na mtahini anatoka nje, hatumjui. Kimya siku hizi hali vizuri. Nimemkuta akikunja nguo zake sandukuni, nikamwuliza unakwenda wapi, akasema, "Najizoeza."

Shangazi, swali lile sitakuuliza mara ya pili. Nimefundishwa adabu na mwanafunzi wangu. Ninalokuuliza leo ni la kazi, kwa Sista Mkasi mwenyewe. Amelazwa wodini kwako mgonjwa mbishi. Anajua dalili zote kwa sababu amezifundisha. Miguu imevimba, kulala hawezi, na kila ukimfikia anasema hajambo. Dada wa zamu wote wanamwogopa. Wewe mkuu wa wodi, ungemfanyaje?

Nangoja jibu la kitaalamu.

Mwanao


Nyumbani,
22 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na ile ya mwezi uliopita pia chukua.

Umeniuliza mgonjwa mbishi hufanywaje. Haombwi, wala habembelezwi. Huamrishwa. Nilisoma barua yako nimekaa kwenye kile kiti, nikaisoma tena, nikajiambia kwa sauti, "Inuka, vaa, twende hospitali." Na kwa kuwa Sista Mkasi hajawahi kukataliwa amri, nikainuka. Fundi alinishika mkono ngazi zote, nikipumzika kila kona. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wangeongeza kwamba hata kwenda kwa mganga mwenzake inambidi aburutwe.

Sasa usicheke. Nafika mapokezi, muuguzi kijana, mzuri, nadhifu, kucha fupi kama ninavyotaka. Ananitazama usoni ananiambia, "Shikamoo mama, hujambo?" Nami, mwanangu, mimi niliyekwenda pale nikiwa nusu ya pumzi, mdomo ukafunguka wenyewe: "Marahaba, sijambo." Akaniambia basi subiri pale, na akawaita waliosema wanaumwa. Nilikaa kwenye benchi wenye mafua wakinipita. Nilijiona mjinga na nilishindwa kujirudi. Kila aliyepita alinisalimu na kila aliyenisalimu nilimjibu salama. Ulimi una adabu zake, hauulizi kama mapafu yamejaa maji.

Aliyeniokoa ni fundi. Alikwenda kwa yule muuguzi akasema, "Dada, huyu mama zamani alikuwa anapanda darini na beseni la nguo kichwani. Tangu baada ya mwaka mpya hajaiona dari." Yule kijana alikuja mbio. Kumbe kazi inasema pale mwili unapokataa kusema. Huyo binti yako alikuwa sahihi, na hapa naandika kwa mkono wangu, mwonyeshe.

Ni moyo. Umechoka, haujafa. Maji yalikuwa yamejaa miguuni hadi mapafuni. Daktari alisema ningengoja kidogo tu tusingekuwa na mazungumzo haya. Walinilaza, wakanipa dawa ya kukojoa, na nilikojoa kama farasi wa gari. Chumvi wamenikataza. Sasa nalala kitandani kwangu, chali, na simu yangu imefufuka kwa muujiza. Jumamosi nilipanda darini mwenyewe, pole pole, beseni akabeba fundi lakini kuanika nimeanika mimi. Alizima mashine asikilize kama nitaanguka. Nikampigia kelele toka juu arudi kazini.

Nimelazwa kwa mara ya kwanza maishani, mwanangu, na nimeiona wodi kutoka upande wa mto wa kulalia. Sindano haina kabila, hapo nimeshika na sitaachia. Ila mkono unaochomwa una mwenyewe, na mwenyewe ana kwao.

Mwambie Kimya mambo mawili. Asikimbizwe na saa ya mtahini. Na hilo sanduku afungue, aning'inize nguo zake kabatini, maana nguo zikikaa zimekunjwa zinavunda. Ni amri.

Baba yako aje sasa. Mwambie dada yake alikuwa na jambo, na limeondoka.

Shangazi yako


Chuoni,
20 Julai

Shangazi yangu, Sista Mkasi, mpanda dari,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama na nikaimaliza nimekaa sakafuni, mdogo akidhani tunacheza. Baba atakuwa ameshafika huko na malalamiko ya mgongo wake. Mpe chumvi yako, wewe huihitaji.

Kimya nilimsomea sehemu yake, kwa ruhusa safari hii. Jioni nilipita bwenini nikaona nguo zimening'inizwa.

Mtihani ulikuwa juzi. Mtahini ni mama mmoja mrefu, uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Kila mwanafunzi anapewa mgonjwa asiyemjua, anamhoji mbele yake na mbele ya Mkuu, kisha anaandika faili. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni tu. Profesa alipita vizuri, na alikaa chini kabla ya kuuliza, nikajua yaliyofundishwa yameingia.

Kimya akapewa mzee seremala aliyelazwa kwa homa. Faili lilisema homa, homa, homa, anaendelea vizuri, kesho aruhusiwe. Mzee ameketi wima kitandani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Kimya akasema, "Shikamoo baba. Hujambo?" Mzee akasema, "Marahaba, sijambo sana." "Habari za hapa?" "Salama." Kalamu ya mtahini ikaanza kuandika. Mkuu akanitazama mimi, wala hakumtazama Kimya. Mambo yalikuwa yale yale ya Februari, Shangazi, neno kwa neno.

Kimya akavuta kiti, akakaa. Hakuuliza kitu. Alikaa tu, mikono mapajani, na mzee akatulia naye. Mtahini akatazama saa. Kimya hakugeuka.

Halafu akasema, "Baba, mlango huu wa wodi unakwaruza. Fundi gani ameuweka?"

Mzee alicheka. "Si fundi huyo, ni adui. Bawaba ameziweka juu chini."

"Wewe ungetumia randa?"

"Kidogo tu hapo chini, unakaa sawa."

"Na randa yako siku hizi ameshika nani?"

Mzee alitazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala juu ya shuka, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna. Tangu juzi hauniitikii. Hata vifungo hivi amenifungia jirani wa kitanda. Sikutaka kuwasumbua watu, wana kazi nyingi."

Mtahini aliacha kuandika. Aliinuka, akamshika mzee mkono, akamwambia afinye, haukufinya. Akamwambia atabasamu, na upande mmoja wa mdomo ulibaki nyuma. Daktari aliitwa mbio. Ni kiharusi, kilikuwa kimeanza kidogo kidogo, na kesho wangemruhusu aende nyumbani kikammalizie njiani. Wamekiwahi. Leo asubuhi kidole gumba kimeanza kucheza.

Kimya amefaulu, Shangazi. Amefaulu kwa alama ambazo mtahini alisema hajawahi kuziandika. Wenzake walimsubiri uani, na alipotoka walimbeba juu juu, Profesa akiongoza kwa kelele, na yeye anaomba ashushwe. Nami nililia mbele ya wanafunzi wangu na sioni haya hata kidogo.

Mkuu alitufuata pale uani. Wakamshusha binti haraka. Akasimama mbele yake akamwuliza, "Ulijuaje?"

Kimya alifikiri kama anavyofikiri yeye, mpaka wengine wakaanza kukohoa. Akasema, "Sikujua, Mkuu. Nilimwamkia tu, mpaka mwisho."

Mkuu aliingia ndani, tukabaki tunatazamana. Baadaye tulikwenda wote kwenye ubao wa matangazo, ambako ratiba ya mwaka ujao imebandikwa. Jumatatu, kipindi cha kwanza, amefuta Anatomia iliyokuwa hapo, na kwa kalamu yake mwenyewe, kwa herufi kubwa, ameandika: KUAMKIA. Madarasa yote. Walimu wote.

Mwanao anayejivuna leo, na umwache ajivune,

Mwalimu